Mita janja inakuja nyumbani kwangu: je, naweza kuikataa?

*"Mimi ni Mtanzania, ninaishi jimbo la Illinois, Marekani, na mume wangu na watoto wawili. Nafanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunza wazee, hivyo nalala mchana. Tumepata barua kwamba mita yetu ya umeme itaondolewa na kuwekwa mita janja, na asiyeitaka atalipa ada kila mwezi. Kwenye kundi letu la WhatsApp kuna mtu ametuma ujumbe kuwa mahakama imeshasema mita hizi ni upekuzi haramu, kwa hiyo tubandike karatasi kwenye mita kusema hatukubali. Wengine wanasema polisi na watu wa uhamiaji wanaona moja kwa moja nani yuko ndani. Sina cha kuficha, ila sipendi mtu ajue nalala saa ngapi. Naweza kukataa? Na mama yangu yuko Tanga, nako nasikia mita zinabadilishwa. Nimwambie nini?"*

Dada yangu, kwanza hilo la "sina cha kuficha" liweke kando, maana huna haja ya kujitetea. Saa unayolala, saa unayooga, siku ambazo nyumba haina mtu, yote hayo ni mambo ya ndani kwako, na kutotaka watu baki wayajue ni haki yako. Majaji wa Marekani wamelikubali hilo kuhusu mita hizi hizi. Tatizo ni kwamba ujumbe wa kwenye kundi lenu umechukua nusu ya hukumu ukaacha nusu ya pili, na hiyo iliyoachwa ndiyo inayoweza kukuingiza matatani.

Kwa kifupi: kuikataa mita kabisa huenda usiweze. Karatasi ya kubandika haina nguvu yoyote. Lakini kuhusu nani apewe kumbukumbu za mita hiyo, kwa hati gani, na zikae kwa muda gani, hapo una haki nyingi kuliko watu wanavyodhani, na hapo ndipo ningependa uweke nguvu zako.

Tuanze na mita yenyewe inajua nini. Ile ya zamani yenye kisahani kinachozunguka inajua kitu kimoja tu, jumla. Msomaji mita anapita mara moja kwa mwezi, anaandika namba, basi. Kama ulitumia umeme huo usiku au mchana, siku moja au siku thelathini, hakuna ajuaye. Mita janja inapima kila baada ya muda mfupi na kutuma kwa redio. Ukipimwa kila dakika 15, unapata vipimo 96 kwa siku, karibu 2,900 kwa mwezi.

Sasa chukua siku yako moja. Saa moja na nusu asubuhi umerudi kazini. Unaoga, na kama hita yenu ya maji ni ya umeme inavuta kama wati 4,500. Mstari unapanda ghafla, kisha unashuka. Mume yuko kazini, watoto shuleni, lakini joto bado ni kali na kiyoyozi kinafanya kazi mfululizo hadi saa tisa alasiri, ndipo jiko linawashwa. Mtu aliyezoea kusoma mistari hii akipewa wiki tatu za nyumba yako, bila kukuona wala kujua jina lako, atasema humu kuna mtu anayerudi asubuhi na kulala mchana. Wasiwasi wako una msingi kabisa.

Elimu hii si ngeni. Mhandisi George Hart, aliyeanza kazi hii akiwa chuo cha MIT, alichapisha mwaka 1992 maelezo ya namna ya kutambua vifaa vya nyumbani kwa kuangalia tu umeme unaoingia ndani, kwa sababu friji, mashine ya kukausha nguo na pampu kila kimoja kina namna yake ya kuvuta umeme. Mwaka 2011 watafiti wa Münster, Ujerumani, walikwenda mbali zaidi. Wakiwa na mita inayopima kila sekunde mbili, waliweza kutambua hata filamu iliyokuwa ikionyeshwa kwenye televisheni, kwa sababu mwanga wa skrini ukibadilika, umeme nao unabadilika.

Lakini usiichukue habari hiyo ya Münster ukaihamishia nyumbani kwako ilivyo. Muda kati ya kipimo na kipimo ndio unaoamua kila kitu. Birika la wati 1,500 likichemsha maji ya chai kwa dakika nne linatumia uniti 0.1. Matumizi hayo yakisambazwa kwenye kipimo cha dakika 15, yanaonekana kama kitu cha wati 400 kilichowaka robo saa nzima, na hakuna awezaye kusema kwa uhakika kama ni birika, pasi au mashine ya kukaushia nywele. Kwa dakika 15 unaonekana mwenendo wa nyumba: kuna watu au hakuna, wamelala au wako macho. Kwa sekunde mbili yanaonekana unayofanya. Kwa hiyo swali la kwanza la kuwauliza watu wa umeme ni hilo: mnapima kila baada ya muda gani?

Sasa hukumu. Kesi inayozungumzwa kwenye kundi lenu bila shaka ni ya Naperville, mji ulio magharibi mwa Chicago. Umeme wa Naperville unamilikiwa na halmashauri ya mji wenyewe. Baada ya serikali ya shirikisho kutenga fedha za kufufua uchumi mwaka 2009, mji huo ulipata dola milioni 11 kusaidia kubadilisha mita. Kikundi cha wakazi kikafungua kesi. Hoja yao ilikuwa kwamba serikali ya mji inapekua nyumba zao bila kibali, kinyume na Marekebisho ya Nne ya Katiba ya Marekani. Walishindwa mahakama ya chini, wakakata rufaa, na tarehe 16 Agosti 2018 Mahakama ya Rufaa ya shirikisho ya Kanda ya Saba, ambayo maamuzi yake yanafika Illinois, Indiana na Wisconsin, ikatoa uamuzi.

Nusu ya kwanza ya uamuzi huo inapendeza sana kwa mtu anayejali faragha. Mahakama ilisema ndiyo, kukusanya vipimo vya kila dakika 15 ni upekuzi, hata kama hakuna mtu aliyekanyaga kizingiti chako. Iliegemea kesi ya Kyllo ya mwaka 2001, ambapo maofisa walisimama nje ya nyumba huko Oregon na kamera ya kupima joto ili kujua kama ndani kuna taa za kuoteshea bangi. Mahakama ya Juu ilisema kifaa kisicho cha kawaida kinachofunua mambo ya ndani ya nyumba ni upekuzi. Halafu Mahakama ya Rufaa ikajibu hoja ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ikiwashinda wateja, ile ya kwamba "ukishaipa kampuni taarifa zako mwenyewe, si siri tena." Majaji walikataa. Mtu hawezi kuambiwa amejitolea kutoa taarifa wakati njia nyingine pekee ni kuishi bila umeme. Nadhani hiyo ndiyo sehemu yenye thamani kubwa kuliko zote katika hukumu ile, na itatumika kwenye kesi nyingi ambazo hazihusu umeme hata kidogo.

Nusu ya pili ndiyo haikufika WhatsApp. Katiba ya Marekani haikatazi kila upekuzi, inakataza upekuzi usio na sababu ya haki. Mahakama ikapima. Vipimo vinachukuliwa na watu wa umeme kwa kazi ya umeme, si na polisi kutafuta mhalifu. Uingiliaji wenyewe ni mdogo kuliko mkaguzi anayeingia ndani. Faida ya kuboresha gridi, yaani mtandao wa umeme, ni kubwa. Mji ulikuwa na kanuni kwamba hautatoa kumbukumbu za mteja kwa polisi bila hati ya upekuzi au amri ya mahakama. Hivyo upekuzi huo ukaonekana una sababu ya haki, na wakazi wakashindwa. Ila majaji waliacha mlango wazi. Walisema wazi kwamba uamuzi ungeweza kuwa tofauti kama vipimo vingechukuliwa kwa vipindi vifupi zaidi, au kama polisi na maofisa wengine wa mji wangeweza kuvifikia kirahisi.

Kwa hiyo ni upekuzi, ila si haramu. Ukibandika karatasi, fundi ataisoma na kuendelea na kazi yake, kwa sababu mita ni mali ya mtoa huduma na masharti ya huduma yanampa ruhusa ya kuifikia. Ukimzuia kwa mwili au kwa kufuli, unajihatarisha. Januari 2013, hapo hapo Naperville, wanawake wawili waliojaribu kuwazuia mafundi walikamatwa na polisi. Wewe ni mhamiaji, dada yangu. Rekodi ya kukamatwa, hata kwa kosa dogo, inaweza kukusumbua kwa miaka kwenye maombi ya hadhi yako. Naomba jambo hili usilichukulie kirahisi.

Kitu kingine ambacho watu wengi hawakijui: Marekebisho ya Nne yanaibana serikali, hayaibani kampuni binafsi. Angalia jina lililo juu ya bili yako. Kama ni halmashauri ya mji, hukumu ya Naperville inakugusa moja kwa moja. Kama ni ComEd au Ameren, hizo ni kampuni binafsi, na kinga yako inatoka kwingine, hasa sheria ya jimbo. Sheria ya Illinois inayosimamia mpango wa mita janja za kampuni hizo inahesabu matumizi yako ya umeme kuwa taarifa binafsi, sawa na jina na anwani, na inazikataza kampuni na wakandarasi wao kuzitoa kwa ajili ya biashara isiyohusiana na huduma ya umeme. Kampuni hizo unazishtaki kwa tume ya jimbo, Illinois Commerce Commission. Umeme wa halmashauri hauko chini ya tume hiyo, kwa hiyo malalamiko yake unayapeleka kwenye baraza la mji.

Tuje kwa polisi na uhamiaji. Hakuna skrini kituoni inayoonyesha nani yuko nyumbani kwako sasa hivi. Ila hatari si ya kubuni. Sacramento, California, shirika la umeme la umma lilikuwa likiwapa polisi orodha za nyumba zinazotumia umeme mwingi wakidhani zinalima bangi. Wakazi, wakiwemo Waamerika wenye asili ya Asia walioona jamii yao imelengwa, walifungua kesi mwaka 2022, na mwaka 2025 mahakama ikasema mpango huo ulivunja sheria ya faragha ya jimbo. Fikiria tu ni nani wengine wanaotumia umeme mwingi: familia kubwa, mgonjwa mwenye mashine, mtu wa zamu za usiku mwenye kiyoyozi mchana kutwa.

Kwa upande wa uhamiaji, jambo linalostahili kukutia wasiwasi zaidi si mita, ni faili la akaunti. Mwaka 2021 magazeti yalifichua kwamba idara ya uhamiaji ya ICE ilikuwa ikitafuta watu kupitia hifadhidata ya biashara iliyojaa majina na anwani kutoka kwenye akaunti za umeme, maji, gesi na simu. Taarifa hizo zilitoka kwenye ushirika wa kampuni za huduma uitwao NCTUE. Mwishoni mwa mwaka huo, baada ya Seneta Ron Wyden kufuatilia, ushirika huo ulikubali kusimamisha uuzaji huo. Hapakuwa na mita janja hata moja katika habari hiyo. Mtu mwenye mita ya kisahani alionekana sawa na mwenye mita mpya, kwa kuwa jina lilikuwa kwenye bili. Una haki ya kuwaomba NCTUE nakala ya taarifa zako, na unaweza kuwaagiza wazifunge. Ningefanya hivyo kabla ya kuhangaika na fundi wa mita.

Sasa ile ada. Uliza kwa makini unalipia nini. Mara nyingi "mita isiyotuma" ni mita janja ile ile iliyozimwa redio, na huko Naperville ndivyo ilivyokuwa. Inaendelea kupima na kuhifadhi, kilichobadilika ni kwamba mtu anakuja kuisoma. Kama unachoogopa ni vipimo vya kila robo saa, unaweza kuwa unalipa kila mwezi bila kupata ulichokitaka. Kama wanakubali kukuachia mita ya zamani kweli, hapo ada ina maana, nawe utapima na mfuko wako. Majimbo yanatofautiana sana: California mwaka 2012 ilipanga dola 75 za mwanzo na dola 10 kwa mwezi kwa wateja wa kawaida, na pungufu kwa wenye kipato kidogo, wakati Vermont mwaka huo huo ilipiga marufuku ada yoyote kwa anayekataa. Uholanzi, bunge la juu lilikataa mwaka 2009 kuilazimisha mita janja, kwa hoja ya faragha, ikabaki hiari. Kwa hiyo mtu akikuambia haiwezekani kabisa kuendesha gridi bila kumlazimisha kila mtu, jua kuna nchi ilijaribu njia nyingine.

Mimi kwa hali yako nisingelipa ada hiyo kwa mita iliyozimwa redio. Mita janja ina faida pia: bili za kukadiria zinakwisha, na umeme ukikatika mtoa huduma anajua bila kupigiwa simu. Ila kuna jambo la kwako hasa uliangalie. Mita hii ndiyo inayowezesha bei kubadilika kwa saa. Alasiri za kiangazi ndizo ghali, na wewe ndiyo unalala na kiyoyozi kinafanya kazi. Hakikisha hukuingizwa kwenye mpango wa bei za saa bila kuuomba.

Badala ya karatasi ya kubandika, waandikie barua au barua pepe ubaki na nakala. Waulize wanapima kila baada ya dakika ngapi, wanahifadhi kwa muda gani (Naperville ilikuwa hadi miaka mitatu), na nani nje ya kitengo cha umeme anaruhusiwa kuona. Kisha swali zito: polisi au uhamiaji wakija, mnataka hati iliyosainiwa na jaji, au mnatoa kwa hati iliyosainiwa na ofisa wao tu? Tofauti ni kubwa. Hati za kuitisha kumbukumbu zinazotolewa na uhamiaji wenyewe hazina saini ya jaji, na kampuni inaweza kukataa hadi mahakama iamuru. Waambie pia kwamba hukubali taarifa zako zipewe mtu wa tatu kwa biashara, na uombe majibu kwa maandishi.

Halafu angalia ndani ya nyumba. Akaunti ikiwa kwa jina la mwenye nyumba, yeye ndiye anayeona michoro yote ya matumizi yako, kwa hiyo ihamishie kwa jina lenu kama mkataba unaruhusu. Programu ya simu ya kampuni ya umeme inaonyesha vipimo hivyo kwa yeyote mwenye nywila. Wewe na mume wako mko pamoja, lakini nasema hili kwa wasomaji wengine: kama umetengana na mtu aliyekuwa akikutishia, badilisha nywila ya umeme siku hiyo hiyo unapobadilisha ya benki. Mtu huyo hahitaji kupita mbele ya nyumba kujua umerudi saa ngapi.

Wakili unamhitaji lini? Ukipata notisi ya kukatiwa umeme kwa sababu ya mita, ukipata dalili kwamba kumbukumbu zako zimetolewa kwa polisi, au ukiwa na suala lolote la uhamiaji ambalo halijakamilika na mtu akakugongea mlango akitaja matumizi ya umeme. Hapo usitegemee jibu langu, wala la kundi. Kuna ofisi za msaada wa sheria za bure Illinois kwa wenye kipato cha chini, na shirika la kutetea wateja, Citizens Utility Board, lililopo Chicago, litakusaidia kwa mambo ya bili na ada bila malipo.

Na mama, Tanga. LUKU ya kawaida anayoifahamu, ile mita ya kulipia kabla, ni kimya kuliko mita yako: TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, wanajua kanunua uniti ngapi na lini, hawajui kazitumia saa ngapi. Mita janja inalibadilisha hilo, na hapo anazo sheria za nyumbani za kuegemea. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inalinda faragha ya mtu na maskani yake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa lengo linalojulikana na zitumike kwa lengo hilo. Sharti hilo ndilo la kulishikilia zaidi, kwa sababu tayari tumeona mita ikipewa kazi ya pili: tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU. Hiyo ilipitishwa na sheria ya Bunge, kwa hiyo si uvunjaji. Lakini kila kazi mpya inayoongezwa kwenye mita inapaswa kupita njia hiyo ya wazi.

Asimzuie fundi. Amwombe kitambulisho, na asimpe mtu yeyote fedha za mkononi mlangoni. Aandike namba ya mita ya zamani na uniti zilizobaki kabla haijaondolewa, akiweza apige picha kwa simu, maana ugomvi wa kwanza baada ya kubadilishiwa mita huwa ni wa uniti zilizopotea. Akiwa na lalamiko aanze ofisi ya TANESCO ya mkoa. Huduma isiporekebishwa anakwenda EWURA, mamlaka inayosimamia huduma za nishati na maji. Likiwa ni suala la taarifa zake kutolewa kwa mtu mwingine, linapelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na wewe unaweza kumwandikia barua hiyo kutoka huko huko Illinois, yeye akasaini.